Kalembe: mtoto wa mchimbaji anaingia jeshi la nani?

Ukisimama Kalembe, mguu mmoja uko Masisi, mwingine uko Walikale. Barabara inatoka Kitchanga, inapita Mweso na Kashuga, inafika hapo, kisha inaendelea mpaka Pinga. Sisi wachimbaji wengi tumeipita kwa miguu, mzigo ku mgongo, tukitafuta kwenye shimo linatoa kitu. Tunaijua kwa barieri zake. Kila barieri iko na wenye silaha wake, na kila wenye silaha wako na watoto wetu ndani.

Kuko familia moja tunaifahamu vizuri, hatutaandika jina. Papa alichimba miaka mingi, leo kifua kimechoka juu ya vumbi. Mtoto wa kwanza aliingia FARDC mwisho wa 2022, wakatuma yeye mbali, mkoa mwingine. Wa pili yuko na Wazalendo, hakutoka hata siku moja mu milima ya kwao. Wa tatu alikuwa anabeba mizigo upande wa Rubaya, akachukuliwa, akapelekwa kufunzwa silaha Rumangabo. Mama yao alituambia: «Nikisikia masasi inalia, niombee upande gani?» Hatukuwa na jibu. Lakini tulirudi na ulizo: kwa nini watoto watatu wa nyumba moja, waliokula sahani moja, wanaingia majeshi matatu?

Wengi wanajibu haraka: ni ukabila. Jibu hilo linapendeza wale wanaokaa mbali. Sisi tunaosajili wachimbaji shimo kwa shimo tunaona mambo mengine pia: kijana amezaliwa upande gani wa barabara, ofisi ya kuandikisha iko wapi, nani anashika shimo anapofanya kazi, na nani alifika kwanza kumuliza.

Tuanze na sheria, sababu watu wengi hawajaisoma. Katiba ya 2006, kifungu cha 189, inasema hesabu ya maaskari ku ngazi zote na kazi za ukomanda zinapaswa kufuata uwezo wa mwili, masomo ya kutosha, tabia njema, tena na mikoa yote kuonekana kwa usawa. Kifungu cha 188 kinasema jeshi ni la taifa zima, haliko la chama. Kifungu cha 190 kinakataza mtu yeyote kuunda jeshi lake au kulisha vijana wenye silaha, na anayefanya hivyo anahesabiwa ni msaliti mkubwa wa nchi. Kifungu cha 63 nacho kinasema kila Mkongomani ana haki na wajibu wa kulinda nchi yake. Vifungu hivi vyote viko mu kitabu kimoja. Kijana wa Kalembe anapoambiwa «kuja ulinde nchi», anaambiwa cha 63. Cha 190 hakuna mtu anamusomea.

Hii hesabu ya nani aingie jeshi ni ya zamani kuliko wazee wetu. Maaskari wa Force Publique waliasi Luluabourg mwaka 1895. Kisha hapo Wabelgiji wakaogopa kikosi cha kabila moja, wakaanza kuchanganya watu wa sehemu mbalimbali na kuwapeleka mbali na kwao. Lingala ikawa lugha ya amri, na mpaka leo kijana wa Masisi anayeingia jeshi anaanza kwa kujifunza kutukanwa mu Lingala. Mobutu alifanya kinyume: vikosi vya kumlinda, hasa ile DSP, alijaza watu wa kwao Équateur, zaidi sana Wangbandi. Vita vilipofika mwaka 1996, jeshi lile halikusimama. Lililosimama ni AFDL, na lilipita huku kwetu likiokota vijana wadogo wa Kivu, wale wakadogo, wakaingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997 na bunduki zinazowashinda urefu. Wengine ni rika letu. Wachache walirudi.

Ndani ya Masisi na Walikale, jambo lilikuwa limekwisha kuharibika. Machi 1993, watu waliuawa ku soko la Ntoto, Walikale, na moto ukawaka mpaka Masisi. Tangu hapo kila jamii ilianza kuhesabu vijana wake kama ukuta wa nyumba. Kisha wakati wa RCD, utawala wa Goma ukaunda Local Defense, vijana wa kijiji wanaopewa silaha walinde kwao, wengi wao Wahutu wa Masisi na Rutshuru. Wahunde, Wanyanga na wengine wakabaki upande wa Mai-Mai. Unaona njia: kijana haingii jeshi la nchi, anaingia jeshi la kilima.

Hapa tunataka kukaa kidogo, sababu ni hapa madini inaingia.

Kisha mapatano ya Pretoria, Desemba 2002, ilikubaliwa majeshi yote yachanganywe. Ndiyo brassage. Unatoka kikundi chako, unaenda kambi, mnachanganywa na watu wa vikundi vingine, mnatumwa mkoa usio wa kwenu. Ku karatasi ilikuwa dawa nzuri, na sisi tunaona mpaka leo ilikuwa dawa nzuri. Lakini wenye kushika mashimo hawakutaka kuondoka ku mashimo. Brigade ya 85, waliotoka Mai-Mai, ilikaa Bisie, Walikale, ikikusanya kodi ku kasiterite mpaka mwanzo wa 2009. Mchimbaji aliyefika Bisie wakati ule anajua: unalipa kuingia, unalipa kutoka. Upande mwingine, watu wa CNDP ya Laurent Nkunda nao walikataa kutumwa mbali, wakisema jamaa zao watabaki bila mlinzi. Mwaka 2007 Serikali ikawapa njia yao, mixage: kuchanganywa, ndiyo, lakini kubaki Kivu ya Kaskazini. Haikumaliza mwaka. Machi 23, 2009 wakasaini tena, wakaingia FARDC, na maaskari waliotoka CNDP wakachukua Bisie ku nafasi ya wale wa 85. Kwetu sisi, kubadilisha jeshi kulikuwa kubadilisha mkono unaopokea.

Mwaka 2012, habari ya kuwatuma nje ya Kivu ilirudi, maasi yakaanza Masisi mwezi wa nne, na wakajipa jina la tarehe ile: M23. Kwa hiyo mtu akituambia vita hii ni juu ya kitu kimoja, tunamwambia aongeze kingine: ni juu ya swali askari wa Kivu atumikie wapi. Mai-Mai walisema «tubaki kwetu». CNDP walisema «tubaki kwetu». Hakuna aliyesema «tubaki ku shimo», lakini wengi walibaki hapo.

Na usifikiri wachimbaji tuko nje ya hii habari. Sheka, aliyeanzisha NDC mwaka 2009, zamani alikuwa mtu wa kazi ya madini Walikale. Alijitoa 2017, na Novemba 2020 mahakama ya jeshi Goma ilimpa kifungo cha maisha. Guidon aliyeachana naye 2014 aliunda NDC-Rénové, kituo chake Pinga, na watu wa huko wanakumbuka jeto: franga 1,000 za Kikongo kila mwezi kwa kila mtu mkubwa, ukikosa jeto unafungwa. Vijana wengi waliingia kikundi ili wasilipe. Hii sababu haiandikwi mu ripoti nyingi. Mtoto anahesabu: nikiwa raia ninalipa, nikiwa na bunduki ninalipwa.

Tulipofungiwa kazi, Septemba 2010 mpaka Machi 2011, Rais Kabila aliposimamisha uchimbaji Kivu zote mbili na Maniema, amri ilitolewa ili wenye silaha wakose chakula. Wachimbaji ndio waliokosa kwanza. Vijana waliokuwa ku mashimo wakabaki wamekaa ku barabara, na mtu wa kuandikisha alipopita hakuhitaji kusema maneno mengi. Tangu siku ile, tukisikia huko Ulaya ao Marekani wanaomba madini ya Kivu yafungwe, tunauliza: na kijana aende wapi kesho asubuhi?

Sasa ya leo. Mei 2022, vikundi vilivyokuwa vinapigana vyenyewe kwa vyenyewe vilikutana Pinga, vikakubaliana kusimama pamoja mbele ya M23. NDC-R, APCLS ya Janvier Karairi, Nyatura, watu waliokuwa wamechomeana vijiji. Tarehe 3 Novemba 2022, Rais Tshisekedi aliongea kwa nchi yote, akaita vijana wajiandikishe jeshini na wengine waunde vikundi vya ulinzi. Vijana wengi wa Goma na kwingine walienda kwa FARDC, na walienda kwa moyo, tusiwadharau. Mwaka 2023 ikatoka sheria ya jeshi la akiba, RAD, ili Wazalendo wapate mlango wa sheria. Mbele kidogo, 2021, mpango wa kunyang'anya silaha, P-DDRCS, ulikuwa umesema mwenye kutoka porini arudi raia, asitegemee cheo cha jeshi. Mwaka mmoja na nusu tu, mlango uliofungwa ukafunguliwa dirisha.

Kwa kijana wa Kalembe, kuingia FARDC na kuingia Wazalendo si kitu kimoja hata kidogo. FARDC inataka kadi ya uchaguzi, kusafiri mpaka ku mji, na njia yenyewe inapita barieri za watu watatu. Ukifaulu, unapewa matrikule, mshahara unapita benki, na Machi 2025 Rais alitangaza mshahara wa maaskari na polisi uongezwe mara mbili. Unaweza kutumwa Équateur ao Kongo-Central, ukasikia ku redio kwamba kijiji chenu kimechomwa. Mzalendo hana safari. Anaandikwa na komanda anayejua baba yake. Anaongea lugha ya kwao. Analala karibu na shamba la mama yake. Lakini familia zinatuambia: matrikule hakuna, mshahara hakuna, chakula kinatoka ku barieri, na barieri inakula kwa mchimbaji na kwa mama anayepeleka mihogo sokoni.

Ndiyo maana ukihesabu kwa kijiji, utaona tofauti. Upande wa Walikale vijana wengi wanaelekea kwa watu wa Pinga. Ukienda upande wa Nyabiondo na Lukweti ni APCLS. Mu vijiji vya Wahutu ni Nyatura. Na ukifika kwenye M23 wanatawala, hakuna anayeuliza unapenda nini; mashirika ya haki za watu yameandika mara nyingi habari ya vijana kuchukuliwa kwa nguvu, wengine wanaingia kwa kupenda ao kwa kukosa kazi. Septemba 2025 AFC/M23 walionyesha kule Rumangabo maaskari wapya zaidi ya 7,000. Si wote walitoka mbali. Kati yao kuko wenye mikono tunayoijua, mikono ya kushika burini.

Na Kalembe yenyewe ilionja vyote. Jumapili tarehe 20 Oktoba 2024, M23 waliingia, wakati Luanda walikuwa wamepatana kusimamisha vita tangu Agosti 4. Waliopigana nao ku barabara zile ni Wazalendo. Watu walikimbia kuelekea Pinga na kwingine, na miezi iliyofuata vita vilisonga mbele mpaka Walikale-centre, kilichoshikwa Machi 19, 2025, kisha kikaachwa mwezi wa nne. Bisie, ile mgodi kubwa ya bati ya kampuni ya Alphamin, ilisimamisha kazi kwa wiki kadhaa. Rubaya ilikuwa imeshikwa tangu mwisho wa Aprili 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kodi ya koltani huko inaleta karibu dola 800,000 kila mwezi kwa M23. Franga hiyo inanunua nini? Kwanza inalisha maaskari wapya.

Kuna mambo ya hatari zaidi kwa sisi wa mashimo. Zamani ulipofika barieri waliuliza mzigo. Leo wanaangalia ku kadi umezaliwa wapi. Kama ndugu yako yuko jeshi lingine, wewe unakuwa mpelelezi. Tuko na wachimbaji waliofanya kazi shimo moja miaka kumi, Mhunde na Mhutu na Mtutsi na Mnyanga, mwenye taa anaingia mbele na mwenye gunia nyuma. Sasa hawawezi kupita barabara moja, juu ya kitu ambacho si wao walichagua. Ku mkutano wetu watu wawili walibishana mpaka usiku. Mmoja alisema: «Mutoto wangu abaki hapa, leta haijawahi kutulinda, nani atatulinda?» Mwingine akajibu: «Abaki hapa, kesho njo atakuja kunichukulia kilo zangu. Atumwe mbali, huko hatajua mtu.» Wote wawili walikuwa wamefiwa na mtoto. Mwenyekiti hakufunga mjadala, na hata leo mu syndicat hatuna sauti moja juu ya hiyo.

Wengine Afrika walijaribu njia zao. Tanganyika, maaskari walipoasi Januari 1964, Nyerere alivunja jeshi lote lililobaki la mkoloni, akaanza upya na vijana wa TANU. JWTZ ikazaliwa Septemba 1 mwaka ule. Hakuangalia kabila, aliangalia chama. Ilisimama, lakini ilitaka chama kimoja na nchi moja inayokisikiliza, na sisi hatuna. Burundi, mapatano ya Arusha ya Agosti 2000 yalisema hakuna kabila litapita nusu ya jeshi, 50 kwa 50, na kwa miaka kadhaa majirani wale walipumua. Kwetu haiwezekani kugawanya kwa mbili. Utagawanya kwa ngapi ku Kalembe tu? Kenya wanaandikisha ku viwanja vya kila eneo siku inayojulikana, kijana anakuja mbele ya macho ya watu. Hongo inasemekana iko hata huko, lakini angalau kiwanja kiko, na mzazi anaweza kusimama pembeni akaangalia. Sisi tungeanza na kiwanja.

Sasa wako Doha. Julai 19, 2025 Serikali na AFC/M23 walisaini maneno ya msingi, Novemba 15 wakasaini mapatano makubwa zaidi. Kati ya mambo yanayobaki ni: maelfu haya ya vijana yataenda wapi? Tumekwisha kusikia brassage, tumesikia mixage, tumesikia kuingizwa kwa 2009. Tunaogopa neno la nne. Hata Wazalendo wanangoja, nao watasema walipigana upande wa nchi, na kweli walipigana. Ukiwapa wote cheo, unafundisha wadogo wao kwamba njia ya cheo ni pori. Ukiwaacha wote bila kitu, wanarudi ku barieri.

Maoni yetu ni ya watu wa shimo, si ya majenerali. Tunaomba mtu atakayechukuliwa jeshini achukuliwe peke yake, kwa jina lake na umri wake, si kikundi kizima na komanda wake. Tunaomba orodha zibandikwe ku lango la chefferie na la sekta, kwa Kiswahili, ili Masisi na Walikale waone nani aliingia na kutoka wapi. Asiwekwe askari hata mmoja ku shimo, awe wa kwao ao wa mbali. Mgodi una polisi ya migodi na una SAEMAPE, na hao pia tuko na maneno nao, lakini ya siku ingine. Na asiyechukuliwa apewe kazi yenye jina. Cooperative moja yenye zone yake ya kuchimba iliyoandikwa inatoa vijana wengi porini kuliko semina kumi mu hoteli ya Goma.

Kuko na wajane pia. Mke wa askari wa FARDC aliyekufa, hata kama anazungushwa ofisi kwa ofisi, ana matrikule ya kuonyesha. Mke wa Mzalendo hana. Mke wa kijana aliyepelekwa Rumangabo hawezi hata kuuliza kwa sauti. Tumekaa na wajane wa aina hizi tatu ku msiba mmoja, na tofauti yao ilikuwa karatasi.

Kwa familia zenye mtoto wa chini ya miaka 18 aliyeenda ao aliyechukuliwa, upande wowote: sheria ya Januari 10, 2009 ya kulinda mtoto inakataza, na anayemwandikisha anaweza kupata kifungo cha miaka 10 mpaka 20. Msiende peke yenu kwa komanda. Chukueni karatasi ya kuzaliwa, ao ya ubatizo, ao bulletin ya shule inayoonyesha mwaka aliozaliwa, muende kwa wanaoshughulikia watoto wa vita: UNICEF na mashirika wanaofanya nao kazi, ama Msalaba Mwekundu wa kimataifa, CICR, wanaotafuta watu waliopotea. Andikeni siku aliyoondoka, mahali alipoonekana mara ya mwisho, na jina la shimo alilokuwa akifanya kazi. Kama hamjui kuandika, mlete habari kwa delegue wa syndicat wa shimo lenu. Ataandika, atawasomea mbele ya watu wawili, na mtabaki na kopi.